Tafuta gazeti lililochapwa wakati gari lako halina bei

Swali la msomaji, Tanga: "Shikamoo fundi. Marehemu baba kaniachia Land Rover 109 ya mwaka 1969, ya petroli, imesimama chini ya mwembe miaka 6 sasa nataka niifufue. Shemeji yangu yuko Leicester, Uingereza, kasema atanilipia gazeti moja la magari ya zamani mwaka mzima. Wenzangu wenye Land Rover wamegawanyika, wengine wanasema magazeti hayo yamekwisha, siku hizi ni picha na matangazo tu, wengine wanasema bila gazeti hutojua kitu. Nimwambie achukue lipi? Na kweli yanatusaidia sisi huku?"

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kutowapa wanunua skrepa hiyo gari, maana najua watakuwa wamepita hapo zaidi ya mara moja wakaitolea macho ile alumini.

Nianze na jibu halafu ndo nieleze. Shemeji asilipie kwanza gazeti jipya. Hiyo hela akutafutie magazeti ya zamani, ya miaka ya 80 na ya 90, yaliyochapwa kipindi ambacho Land Rover kama yako huko Uingereza ilikuwa gari la mkulima tu, inabeba nyasi na kondoo, inalala nje na mvua, na mwenye nayo akipata wa kumuuzia anashukuru kuondolewa mzigo. Fungu likibaki basi alipie uanachama wa klabu. La dukani liwe la mwisho, na hilo nitakutajia huko chini pamoja na namna ya kulipima kabla ya kutoa hela.

Sababu yangu ni kwamba gazeti linaandikwa kwa ajili ya anayelinunua. Gari likiwa rahisi, anayelimiliki ni kijana hana hela, anataka kutengeneza mwenyewe uani kwake jumamosi, kwahiyo gazeti linamfundisha kufungua nati iliyoshika kutu, linamwonyesha picha ya mkono mchafu umeshika kifaa na mshale unaelekeza pale pa kugonga. Gari hilohilo likipanda bei, mwenye nalo sasa ni mtu mwenye hela zake, kazi anampa fundi, yeye anataka kujua limefika shilingi ngapi na rangi ipi inapendwa mnadani, na gazeti linamfuata hukohuko. Gari ni lile lile, gazeti ni lile lile pengine hadi jina, lakini ukiweka toleo la 1988 na la juzi mezani ukafungua katikati utadhani ni vitu viwili havijuani.

Ngoja nikupe kisa changu ndo utaelewa kwa nini nasema hivi.

Nilikuwa na 109 hapa Arusha, injini ile ya lita 2.25 kama yako, ikaanza kunywa petroli balaa na kutoa moshi mweusi hasa ikiwa imesimama kwenye silensa, yaani injini inazunguka bila kukanyaga mafuta. Nikitoa plagi nyeusi tii kama sufuria la kuni. Nikabadilisha jeti, kile kitundu kinachopima petroli, nikasafisha kabureta nzima, nikapima floti, nikarudia pointi na timing, wapi. Nikaenda kwenye duka moja mjini nikanunua kabureta nyingine wakasema imefanyiwa ovahoo, nikafunga, siku 2 tu moshi umerudi. Wakati huo jirani yangu mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye mashamba ya kahawa alikuwa na katoni la magazeti ya Kiingereza aliyoachiwa na waajiri wake, panya wameshaanza kuyala pembeni, akaniambia chukua fundi kabla hayajaisha. Nikawa nasoma usiku. Siku ya tatu au ya nne, kwenye ukurasa wa barua za wasomaji kule nyuma kabisa, kuna mtu kaandika mistari kama 12 hivi kuhusu kabureta ya Zenith.

Akaeleza hivi. Zenith ina kipande cha juu na cha chini vinavyobanwa na skrubu. Mafundi wanakaza kwa nguvu, joto la injini nalo linafanya kazi yake, miaka inakwenda, uso wa kipande cha juu unapinda. Sasa ndani humo kuna oringi ndogo kama pete ya mtoto, inaziba kati ya kile kitofali chenye jeti na kipande cha juu. Uso ukishapinda oringi haibanwi sawasawa, petroli inanyonywa hapo moja kwa moja kuingia kwenye injini bila kupita njia yake. Kwahiyo mimi nilikuwa nabadilisha jeti kila wiki na petroli yenyewe haipiti kwenye jeti! Dawa aliyotoa: weka rula ya chuma juu ya uso wa kile kipande, inua uelekeze kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya katikati ugonjwa umeupata. Tandika msasa laini juu ya kioo, sugua taratibu kwa kuzungusha mpaka uso wote ung'ae mfano mmoja, weka oringi mpya, na skrubu uzikaze kidogo kidogo kwa kupokezana, siyo kama unakaza nati za tairi.

Nikaweka rula. Mwanga ukapita, ungeweza kuchomeka wembe. Kioo nilitoa kwenye fremu ya picha, nikasugua kama saa moja na nusu hivi, iliyonisumbua ni oringi maana nyingi za hapa ukizitia kwenye petroli zinavimba, nilizunguka wiki nzima. Nilipofunga nikawasha, ikakaa kwenye silensa imetulia kabisa, nikazima nikawasha tena mara 3 kwa sababu sikuamini.

Hiyo barua haikuandikwa na mwandishi wa habari. Iliandikwa na mtu aliyeteseka na gari kama mimi, na gazeti likampa nafasi. Ndiyo maana nikishika gazeti lolote la magari ya zamani naanzia nyuma, nasoma barua, nasoma majibu ya maswali ya ufundi, nasoma matangazo madogomadogo, jalada naliangalia mwisho.

Sasa tuje kwa wenzako wanaobishana. Ubishi wao siyo wa Tanga peke yake, wapenda magari duniani kote wanabishana hivyohivyo, na ukisikiliza vizuri utakuta kila mmoja anazungumzia gazeti la kipindi tofauti.

Marekani kwa mfano kuna Hemmings Motor News, lilianza 1954 pale Quincy, Illinois, baadaye likahamia Bennington, Vermont. Kwa miaka mingi lile halikuwa na makala za maana, lilikuwa matangazo tu, mamia ya kurasa, herufi ndogo kama za kwenye kopo la dawa, fulani anauza milango ya Packard, fulani anatafuta giaboksi, fulani anatengeneza raba za vioo. Na watu walilipenda kuliko yale ya picha za rangi! Mwenzako anayesema "ni matangazo tu" kana kwamba matangazo ni kasoro angewashangaza wale wazee, maana tangazo dogo la mtu binafsi ni elimu: linakwambia spea ipi imekuwa adimu, nani bado anaitengeneza, bei inakwenda vipi, na gari gani watu wanaliacha. Kuna pia Old Cars lililoanza 1971 kwenye kimji cha Iola, Wisconsin, lenyewe ndilo lililowazoesha Wamarekani kupima gari kwa namba 1 hadi 6, namba 1 likiwa limekamilika kama limetoka kiwandani au zaidi, namba 6 likiwa la kukatwa spea.

Kilichoua ladha ni kwamba yale matangazo ya watu binafsi yalihamia kwenye intaneti. Mtu hawezi kusubiri mwezi mzima tangazo lake litoke wakati kwa simu ni dakika 5. Matangazo yaliyobaki kwenye karatasi ni ya makampuni, ya nyumba za minada, ya bima, ya saa za mkononi. Hela ikapungua, kurasa zikapungua, na Desemba 2019 kampuni moja kubwa ya Marekani ikafunga magazeti 19 kati ya 22 ya magari iliyokuwa nayo kwa mpigo mmoja, yakabaki Motor Trend, Hot Rod na Four Wheeler. Miongoni mwa yaliyokufa ni Car Craft lililokuwepo tangu miaka ya 50, gazeti la vijana wa kufungua injini wenyewe. Kwahiyo anayesema yamekwisha hatungi, ana sababu.

Uingereza yamevumilia zaidi. Motor Sport lipo tangu 1924. Lile la Classic Cars lilianza 1973 na ndilo lililosaidia sana kulizoesha neno "klasiki" kwa magari ambayo siyo ya kale kabisa ila siyo ya leo. Practical Classics likaja 1980 kwa watu wa spana. Classic & Sports Car likaja 1982, na mwaka huohuo likaja The Automobile, lenyewe zaidi ni magari ya kabla ya vita vya pili. Octane likaja 2003, karatasi nzuri, picha nzuri, magari ya mamilioni.

Malalamiko ya wasomaji wa huko yanafanana kila unapokwenda. La kwanza, jalada ni magari yaleyale, Jaguar E-Type, Porsche 911, MGB, yanazunguka kama saa, mwenye Hillman au Peugeot 404 akiona gari lake kwenye jalada ni sikukuu. La pili, kila makala inaishia kwenye bei. La tatu, makala ya matengenezo inaruka, ukurasa huu gari limeoza, ukurasa unaofuata linang'aa, na katikati kuna sentensi moja, "baada ya miezi 14 ya kazi", na hiyo miezi 14 ndiyo tuliyotaka kuisoma sisi! La tatu hilo mimi linaniuma kuliko yote. Kwenye jalada siwalaumu sana wahariri kwa sababu E-Type inauza na wao wana mishahara ya kulipa, lakini kuruka kazi yenyewe hapana, hapo msomaji kaibiwa.

Kuhusu bei niseme kitu maana utakutana nayo na itakuvuruga. Magazeti mengi yana kurasa za bei, na makampuni nayo yanatoa, Hagerty kwa mfano ni kampuni ya bima ya magari ya zamani na ina gazeti lake kwa wanachama na orodha yake ya bei. Sisemi wanadanganya. Nasema soma ukijua nani anazungumza na anaishi kwa nini, na ukumbuke bei ile ya juu ni ya gari la namba 1, tena limekaa Uingereza au Marekani, lina karatasi zote. Yako kwa maelezo yako nadhani ni namba 5, la kufufua. Usipige hesabu ya 1 kwenye 5 ukaenda kukopa. Nimeona mtu amefanya hivyo, gari halijaisha mpaka leo na deni alishauza kiwanja kulilipa.

Haya, je yanatusaidia sisi huku? Yanasaidia sana, ila lazima uyasome ukiwa umesimama Tanga, siyo Leicester.

Kuna mambo utaruka tu. Kila mwezi wa 10 na wa 11 magazeti yote ya Uingereza yanaandika namna ya kulaza gari msimu wa baridi, yafunike, toa betri, weka dawa ya maji yasigande. Hayo siyo yako. Mambo ya ukaguzi wao, kwamba tangu Mei 2018 gari la zaidi ya miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka, ni habari njema kwao, ruka. Makala za mwisho wa miaka ya 80 na 90 zina hofu kubwa kuhusu petroli isiyo na madini ya risasi, wakati ule walikuwa wanajiandaa kuiacha ile yenye risasi, wakaiacha rasmi mwanzoni mwa 2000. Sisi Afrika kusini mwa Sahara tuliiacha mwanzoni mwa 2006, kwahiyo gari lako lilishatembea miaka bila risasi kabla halijasimama chini ya mwembe. Usikimbilie kununua vichupa vya kuongeza kwenye tenki kwa sababu gazeti la 1989 lilikutisha. Na magazeti mapya nayo yana hofu yao, petroli ya E10 iliyoingia kwao Septemba 2021, yenye ethanoli (pombe) hadi asilimia 10, inakula mipira ya zamani. Hiyo soma kwa ajili ya aina ya mpira wanayoshauri, maana mipira yako ya 1969 imekauka hata bila ethanoli, ibadilishe yote.

Kuna mambo ya kusoma mara mbili. Kutu wanayoizungumzia wao inatokana na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sisi hatumwagi chumvi, lakini wewe uko Tanga, upepo wa bahari unakuletea chumvi bure kila siku, kwahiyo kila walichoandika kuhusu chesisi kuoza kutokea ndani, kuhusu ile mhimili wa nyuma ya chesisi, kuhusu pale miguu inapokaa kwenye ule ukuta unaobeba pedali, kinakuhusu wewe kuliko kinavyonihusu mimi huku Arusha. Zaidi ya yote soma kuhusu alumini kukutana na chuma. Bodi yako ni alumini, viungo ni chuma, vikigusana na unyevu wa chumvi ukaingia kati alumini inaliwa, inakuwa unga mweupe kama muhogo. Wengi wanasugua ule unga wanapiga rangi juu, mwaka haujaisha umerudi. Ukifungua paneli weka kitu cha kutenganisha kabla ya kufunga, na zile dawa za nta wanazopulizia ndani ya chesisi ni hela iliyotumika vizuri pwani.

Spana pia. Gazeti la Kiingereza la zamani linakwambia tu chukua spana ya nusu inchi, halielezi zaidi kwa sababu kila nyumba kule ilikuwa nazo. Nusu inchi ni milimita 12.7, wewe ukichukua spana namba 13 unaona inaingia, inacheza kidogo, unavuta, kona za nati zinakatika na hapo umeanza kesi nyingine. Na Land Rover za kipindi hicho zimechanganya aina za nati, nyingine hata za inchi hazifanani kati yao. Kabla hata ya gazeti shemeji akutafutie seti ya spana za inchi, kule kwenye mauzo ya vitu vya zamani ni rahisi.

Na waya, hapa nakuomba uwe makini. Land Rover za mwanzo zilikuwa chanya ndiyo inaunganishwa kwenye bodi, kama 1967 wakageuza ikawa hasi. Yako ya 1969 inatakiwa iwe hasi, ila kwa miaka yote hii hujui nani aligusa nini, na gazeti linaweza kuwa linaeleza gari la 1962 bila kukukumbusha. Angalia betri yako imefungwaje na ufuate nyaya kwa macho kabla ya kunakili mchoro wowote.

Tofauti ya mwisho ni ya fikra. Kule saa moja ya fundi ni ghali kuliko spea, kwahiyo gazeti linasema toa, tupa, weka mpya. Huku spea ndiyo ghali na fundi yupo. Wakisema badilisha, wewe jiulize kwanza kama inachongeka, inachomeleka, inanyoosheka. Breki tu ndiyo usibishane nao, silinda za breki na mipira yake nunua mpya.

Sasa nikutajie. Kama shemeji anataka lazima alipie la dukani, kwa gari lako achukue Practical Classics au mojawapo ya yale ya Land Rover tupu kama Land Rover Owner. Classic & Sports Car ni zuri, mimi nalisoma kwa raha, lakini kwa mtu mwenye 109 chini ya mwembe litakupa historia na hamu, halitakupa njia. Octane litazame kwa picha ukilikuta mahali.

Lakini kabla ya kulipa mwaka mzima, asimame dukani afungue toleo moja na ajiulize mambo machache. Kuna picha ngapi zenye mikono ya mtu inafanya kazi? Barua za wasomaji ni kurasa ngapi, na zinazungumzia ufundi au ni pongezi tu? Mwandishi anasema kazi ilimgharimu kiasi gani na muda gani? Na hili la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote, je kuna mahali mwandishi anakiri alikosea, alivunja kitu, akarudia? Gazeti ambalo kila kazi inafanikiwa mara ya kwanza halijawahi kuingia gereji.

Kuliko la dukani, klabu ndiyo ningependa zaidi. Uingereza kuna Land Rover Series 2 Club, ni ya gari za aina yako hasa, Series II na IIA, na wanachama wanapata jarida lao. Majarida ya klabu hayana karatasi ya kung'aa na picha nyingine zimepigwa gizani, lakini yanaandikwa na wenye magari wenyewe, hawauzi kitu, na ukiandika swali anakujibu mtu ambaye amelala chini ya gari kama lako. Na wewe andika! Gari ya 1969 iliyoishi Tanga maisha yake yote, wale watu watafurahi kuisoma kuliko unavyofikiri, na picha moja ya namba ya chesisi inaweza kukuletea barua kutoka kwa mtu anayejua mambo ambayo mimi siyajui.

Ya zamani yanapatikana wapi. Huko kuna masoko ya spea na vitu vya magari ya zamani, kubwa na maarufu ni lile la Beaulieu kila Septemba, lipo tangu 1967, lakini hata bila kwenda huko shemeji ataona watu wanauza kwenye eBay kwa mafungu, miaka kumi ya gazeti moja kwa bei ya kula hotelini watu wawili. Asinunue kila kitu. Aombe picha za majalada na kurasa za yaliyomo, achague yenye Series II, IIA na III, maana mengi yanafanana. Na uzito afikirie, gazeti moja ni kama gramu 300 na kitu, mia moja ni zaidi ya kilo 30, posta itawaumiza. Ndugu zetu kule wanatuma makontena ya vitu nyumbani kila mara, katoni moja la magazeti linaingia kwenye kona bila shida, litafika taratibu na wewe huna haraka, gari limesubiri miaka 6. Kwa ya sasa, maktaba nyingi za mitaa kule zinamruhusu mwanachama kusoma magazeti kwenye simu bila kulipa, aulize ya kwao, akikuta kitu cha 109 akusimulie.

Na kama unapenda historia, Motor Sport wameweka matoleo yao ya nyuma kwenye mtandao. Nenda katafute miaka ya 60 habari za East African Safari, ile rally iliyoanza 1953 ikawa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Usome namna Peugeot 404 ilivyoshinda 1963 halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo kwenye matope yetu haya. Mimi nikisoma zile habari naona barabara ninazozijua zimeandikwa na watu wa mbali walioziogopa, inanipa nguvu ya kurudi gereji kesho yake. Nayo ni faida ya gazeti, usiidharau, kazi ya kufufua gari ni ndefu na kuna miezi utachoka kabisa.

Ila yote hayo yanakuja nyuma ya kitu kimoja. Kwanza kabisa upate kitabu cha ufundi cha kiwanda, kile ambacho wenyewe wanakiita biblia ya kijani kwa ajili ya jalada lake, na kitabu cha orodha ya spea chenye namba. Vyote vimechapwa upya vinapatikana. Kitabu kinakwambia kitu kinatakiwa kiweje, gazeti linakwambia kwa kawaida kinaharibikaje, na ukiwa na namba ya spea mkononi hata muuzaji wa mbali hawezi kukutumia kitu cha Series III ukakuta hakiingii.

Basi mwambie shemeji mpangilio uwe hivyo, spana za inchi na kitabu, halafu katoni la magazeti ya zamani, halafu klabu. Wakati unasubiri kontena, fungua boneti utazame kabureta iliyopo, kama imeandikwa Zenith toa zile skrubu za juu, weka rula, inua kwenye jua, na uniandikie umeona nini.